Sweet Home 3D kwa nyumba za Bukavu: ndani inatosha, mteremkoni inakuachia kazi

Nyumba nyingi za Kadutu na Bagira, komini za Bukavu mashariki mwa Kongo, huanzia kwenye karatasi ya daftari: mistari minne, milango miwili, na "chumba cha wazazi" kimeandikwa pembeni. Mwenye nyumba ana sebule yake kichwani, fundi ana yake, na ubishi unazuka tofali zikiwa zimeshafika kwenye lenta. Sweet Home 3D, programu ya bure ya Mfaransa Emmanuel Puybaret, inauleta ubishi huo mapema, kwenye kioo cha kompyuta, ambako kubomoa ukuta hakuna gharama. Kwa hilo inafaa sana. Ila ukitaka ikuambie ardhi inashuka vipi, imelala. Na hapa kwetu ardhi ndiyo inayomeza pesa kabla hata ya sakafu.

Inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, menyu zake zipo kwa Kifaransa, na ikishawekwa haidai intaneti. SketchUp ya bure, programu nyingine ya kuchora nyumba, siku hizi inafanya kazi ndani ya kivinjari tu; ya mwisho ya bure ya kuweka kwenye kompyuta ni Make ya 2017. Anayenunua megabaiti za siku ataona tofauti bila kuelezwa. Duka la Microsoft na la Apple huuza toleo lenye samani nyingi zaidi. Kwa kuchora kuta tu, achana nalo.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni unene wa ukuta. Programu inakupa sentimita 7.5 kwa unene na 250 kwa kimo, na wengi wanaanza kuchora bila kugusa kitu. Bloku ya sentimita 15 ikipigwa lipu ya 1.5 kila upande inakuwa 18. Chukua nyumba ya mita 8 kwa nje, yenye kuta nne zinazokata urefu huo: kwenye kioo kuta zimekula sentimita 30, kwenye parseli (kiwanja chenyewe) zitakula 72. Sentimita 42 zimepotea, na kabati la nguo limepotea nazo. Rekebisha unene kwenye mapendeleo kabla ya mstari wa kwanza, maana ukibadilisha baadaye, kuta zilizokwisha kuchorwa hazifuati.

La pili linafanana nalo: ukuta huchorwa kwa mstari wa katikati yake. Ukitaka mita 8.00 kwa nje na ukuta wa 18, andika 7.82. Usivute kwa kubahatisha. Ukianza ukuta, bonyeza Enter, uandike urefu na pembe kwa tarakimu. Ile sumaku ya programu, inayovuta mstari kwenye pembe za nyuzi 15 kwa 15, inasaidia kwenye kiwanja cha mraba; parseli ya Bukavu iliyobanwa kati ya njia ya miguu na ukuta wa jirani haina mraba, kwa hiyo izime.

Mchoro wa daftari unaweza kuuingiza kama picha ya chini na kuchora juu yake. Piga picha simu ikiwa juu kabisa ya karatasi. Ukipiga kwa upande, ukuta wa karibu unakuja sawa na wa mbali unakuja mfupi. Kisha programu itakuomba uweke ncha mbili juu ya kipimo unachokijua. Chagua kirefu kuliko vyote. Ukitumia mlango wa sentimita 90 na kukosea sentimita 2 tu, kwenye ukuta wa mita 8 kosa limeshafika karibu sentimita 18.

Sasa mteremko. Kwa programu hii dunia ni meza: ardhi ni bapa. Ukishusha ghorofa chini ya sifuri, inachimba shimo, na chumba ambacho kwenye mlima kingekuwa na dirisha linalotazama ziwa kinaonekana kama kaburi. Dawa ni kugeuza hesabu. Pima kwanza pembe nne za nyumba kwa mpira wa maji wa mafundi. Sehemu ya chini kuliko zote iite sifuri, halafu panda. Tuseme ardhi inapanda mita 1.20: tengeneza viwango viwili vya sakafu, kimoja kwenye 0 na kingine kwenye sentimita 120, kila kimoja na kuta zake. Chini ya sehemu ya juu patabaki hewa tupu. Pajaze kwa sanduku kutoka kwenye katalogi, ulipatie vipimo na rangi ya udongo. Ukuta wa kuzuia udongo uchore kama ukuta wa kawaida wa sentimita 40, lakini usimwonyeshe mtu kana kwamba umehesabiwa. Programu haijui udongo uliolowa mvua unasukuma kiasi gani, wala haitakukumbusha matundu ya kutolea maji. Hiyo ni kazi ya injinia.

Faida ya usumbufu huu inaonekana kwenye vidato. Mita 1.20 kwa vidato vya sentimita 17 ni mapigo saba ya kupanda; la saba linaishia kwenye sakafu ya juu, kwa hiyo vya kukanyaga ni sita, na kwa kina cha 28 unahitaji mita 1.68 za sakafu. Kwenye daftari vidato huwa ni mistari mitatu iliyobanwa mlangoni. Hapa mama mwenye nyumba anaona mwenyewe kwamba vinapita katikati ya jiko, na ndipo anaposema, "Fundi, hapana, tuvipeleke nje." Afadhali aseme sasa.

Paa ni udhaifu mwingine: hakuna kitufe cha kuezeka. Unachukua sanduku jembamba, unaliinamisha. Toli (mabati) zikipanda mita 1.20 kwa kila mita 4, mwinamo ni kama nyuzi 16.7, na urefu wa upande ni mita 4.18 kabla ya kuongeza ukingo wa nje. Kuta za pembetatu zinawezekana, kwa kuwa kila ukuta unakubali kimo tofauti mwanzo na mwisho: ugawe katikati, upandishe pale zinapokutana.

Dira ya jua wengi hawaigusi. Iguse. Weka Bukavu, yaani kama nyuzi 2.5 kusini na 28.9 mashariki, na saa za Lubumbashi, ndizo za mashariki ya Kongo. Ukiacha za Kinshasa, kivuli kinapotea kwa saa nzima. Jaribu picha ya Juni na ya Desemba: jua linapiga upande wa kaskazini, kisha wa kusini.

Picha ya 3D inayotolewa na programu ina daraja nne za ubora. Mbili za chini zinatosha kuzungumza. Ya nne kwenye kompyuta ya zamani inaweza kula saa nyingi, na umeme haukusubiri. Washa hifadhi ya kujiokoa kwenye mapendeleo. Kwa mwenye nyumba aliye Ulaya, tuma picha kwenye WhatsApp kama hati; ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na vipimo havisomeki.

Ya fundi ni karatasi. Kwenye mpangilio wa ukurasa chagua 1/50. Nyumba ya mita 8 kwa 6 inakaa vizuri kwenye A4 kwa sentimita 16 kwa 12. Shida iko sekretariati, yaani duka la kuchapisha, ambako PDF hupunguzwa ili itoshe ukurasa bila kukuuliza. Weka rula juu ya karatasi kabla ya kulipa: ukuta wa mita 8 usipofika 16 kamili, warudishie wachapishe tena kwa asilimia 100. Na idadi ya tofali au mifuko ya simenti usiitafute humo. Programu inakupa eneo la kila chumba, mengine ni kalamu.