Hita ya bwawa ya wati 300 kwenye baridi ya Minnesota: uzoefu wangu

Nakaa Brooklyn Park, jirani na Minneapolis hapa Marekani, na nyuma ya nyumba nina bwawa la koi, wale samaki wa mapambo wa rangi rangi, na samaki dhahabu wachache. Ninachotaka kukieleza hapa ni kifaa kimoja tu: hita ya kuelea ya wati 300. Lakini siwezi kuisifu wala kuiponda bila kugusa shimo lenyewe, maana anayeinunua kwa matumaini kwamba itamwokolea bwawa lenye kina cha futi moja na nusu atakuja kuitukana bure.

Sanduku limeandikwa hita, na picha yake inaonyesha samaki wakijitanua huku theluji ikianguka. Usidanganyike na picha. Kifaa hiki hakipashi bwawa moto hata kidogo. Ni duara bapa, upana wake kama sahani ya chakula, linaelea juu ya maji, na ndani lina kidhibiti joto. Maji yakikaribia kuganda linajiwasha, yakipata nafuu linajizima. Kazi yake ni kuzuia barafu isifunge pale lilipo, basi. Baridi ikiwa ya kawaida, tundu huwa kubwa la kutosha kuingiza ndoo. Ile baridi kali ya Januari ikishuka, tundu linabana mpaka kubaki pete ya maji ya upana wa vidole viwili kuizunguka hita, mvuke unafuka, na theluji ya pembeni inageuka kuwa barafu ngumu yenye nundu. Mtu akitazama dirishani atadhani imeshindwa. Haijashindwa, pete hiyo inatosha.

Inatosha kwa sababu kinachoua samaki chini ya barafu mara nyingi si baridi. Majani yaliyozama na kinyesi vinaendelea kuoza polepole, oksijeni inaliwa, na gesi chafu, ikiwemo ile inayonuka kama yai viza, zinakosa pa kutokea. Bwawa likifungwa kabisa kwa wiki kadhaa, samaki wanakufa kwa kukosa hewa, na wewe unakuja kuwaona barafu ikiyeyuka. Ndiyo maana tundu dogo lililo wazi muda wote ni bora kuliko tundu kubwa unalofungua Jumamosi kwa Jumamosi. Na tafadhali, usivunje barafu kwa nyundo wala shoka. Kishindo kinasafiri majini na kinaweza kuwadhuru samaki waliolala chini. Stima ikikatika, weka sufuria ya maji moto juu ya barafu, iache iyeyushe yenyewe.

Sasa shimo. Maji yana tabia ya ajabu: ni mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, si kwenye sifuri. Kwa hiyo baridi ikishika, maji ya nyuzi 4 hushuka chini na yale baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Samaki wanakwenda kulala kwenye tabaka hilo la chini, mapezi yamekunjwa, hawaombi chochote. Hiyo ndiyo hita halisi ya bwawa, na unailipia mara moja tu, kwa sepetu. Hapa kwetu kanuni za ujenzi kusini mwa jimbo zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 ili baridi ya ardhini isiuinue. Bwawa haligandi kwa kina hicho, lakini takwimu hiyo inakupa picha ya baridi unayopambana nayo. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Mimi nilichimba futi 4, na kwa Minnesota nisingemshauri mtu achimbe kina kisichofika futi 3. Yale mabeseni ya plastiki yaliyokwisha kufinyangwa, yanayouzwa dukani na vichaka vya mapambo, mengi yana kina cha inchi 18. Ni mazuri kwa maua ya majini. Kwa samaki wa kukaa nje majira yote, hapana.

Kabla ya sepetu kugusa ardhi, piga simu 811 wakuonyeshe mabomba na nyaya zilizofukiwa. Ni huduma ya bure, na Minnesota sheria inakutaka upige hata ukiwa unachimba uani kwako mwenyewe. Wanakuja watu na kupanda vibendera: njano ni gesi, nyekundu ni stima, buluu ni maji. Kwangu mstari wa njano ulipita palepale mke wangu alipotaka bwawa liwe, tukasogea karibu na uzio. Halikumfurahisha, ila bomba la gesi halina mjadala.

Saruji sikuitaka, kwa sababu barafu ikitanuka inaipasua. Nilitandika turubai la mpira aina ya EPDM, ambalo linanyumbuka barafu inaposukuma. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha futi 2 za kukunja pembeni, halafu rudia kwa upana. Bwawa la futi 10 kwa 8 lenye kina cha futi 4 linataka turubai la futi 20 kwa 18. Kuta zisimame karibu wima, usijenge ngazi pana pembeni, la sivyo korongo na rakuni, yule mnyama mwizi wa usiku, wanapata pa kusimamia na kuokota samaki mmoja mmoja.

Nirudi kwenye hita. Sababu iliyonifanya nichague wati 300 ni bili. Ziko hita za wati 1,500, zile wanazotumia wafugaji ili maji ya ng'ombe yasigande, na muuzaji alinisukuma kweli kweli kuelekea huko. Piga hesabu mwenyewe. Wati 1,500 kwa saa 24 ni uniti 36 kwa siku. Kwa senti 16 kila uniti, hiyo ni zaidi ya dola 170 kwa mwezi ikiwaka bila kupumzika. Ya wati 300 inakula uniti 7.2, kama dola 35 kwa mwezi, na kwa kuwa inajizima jua likitoka, mimi silipi hata hizo. Ukiwa na kina cha kutosha, nguvu ile nyingine unaunguza pesa kuyeyusha barafu isiyomsumbua mtu.

Lawama ninazo. Ya kwanza ni waya. Ni mfupi, halafu maelekezo yanakataza kuunganisha na waya wa nyongeza. Sasa nani ana soketi ya nje hatua chache kutoka bwawani? Ilibidi nimlipe fundi wa stima alete soketi karibu, ile aina inayojikata yenyewe stima ikivuja kwenye maji. Hiyo soketi ni ya lazima, usijaribu kuikwepa, lakini gharama yake ilizidi ya hita yenyewe na hakuna popote kwenye sanduku walipoitaja. Mnaopanga bwawa, iwekeni soketi kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla hata ya samaki.

Ya pili inaniudhi zaidi: haina taa. Usiku baridi imekaza, huwezi kujua kama inafanya kazi au imekufa, mpaka utoke na viatu vya theluji ukamulike na tochi. Nimeweka kipima umeme kidogo kwenye soketi, kinaonyesha wati zinazoliwa. Kikisoma karibu 300, nalala. Kikisoma sifuri huku nje kumeganda, navaa koti. Taa ndogo nyekundu ingewagharimu watengenezaji senti ngapi?

Niliioanisha na pampu ya hewa ya wati 20, na hapo ndipo mfumo ulipotulia. Bili yake ni dola mbili na ushei kwa mwezi. Viputo vyake peke yake huweka tundu wazi wakati baridi si kali, na hita inabaki kusubiri zile siku za kisirani. Jambo moja la kuzingatia: jiwe la hewa, lile la mwisho wa mpira linalotoa viputo, lisikae chini kabisa wakati wa baridi. Lipandishe mpaka kama futi moja kutoka juu. Likikaa chini litavuruga yale maji ya nyuzi 4 na kuyachanganya na ya juu, na utakuwa umewavua samaki blanketi. Pampu ya maji na chujio mimi huvitoa, navimwaga maji na kuvihifadhi gereji kabla mabomba hayajapasuka.

Nina jirani, mzee wa Bukavu aliyekulia sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Kila akipita uzio ananiuliza, "Mwanangu, hawa tutakula lini?" Namjibu, "Mzee wangu, hawa ni wa kutazama." Anatikisa kichwa. Akaniuliza tena kwa nini nisiweke ngege, wale tunaowajua, tupate kitoweo. Swali ni la haki, wengi wetu tunalifikiria. Ngege ni samaki wa joto. Maji yakishuka karibu na nyuzi 10 anaanza kufa, na bwawa langu lipo chini ya hapo karibu nusu mwaka. Hita ya aina hii haiwezi kumsaidia, hata ukiweka tano. Koi na samaki dhahabu ni wa ukoo mmoja wa samaki wanaovumilia maji baridi, na hata hivyo Wajapani wa Niigata, walikoanzishwa koi wa rangi, huwatoa wale wa thamani kwenye mabwawa ya udongo vuli ikiisha na kuwahamishia ndani.

Hita haitakufanyia kazi zako nyingine. Septemba mwishoni natandaza wavu juu ya bwawa, maana mti wa maple wa jirani humwaga majani bila huruma. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 nasitisha chakula kabisa, kwani tumbo la samaki halisagi tena. Ukiongeza maji ya bomba kumbuka kwamba Minneapolis inatia kloramini, ambayo haitoki kwa kuyaacha maji yakae usiku kucha kama klorini ya kawaida. Lazima dawa ya kuiondoa. Na Aprili, barafu ikishaondoka, ndiyo hatari ambayo wengi hawaitarajii: bakteria wanaamka kabla kinga ya samaki haijaamka. Wakati huo mimi hutoa hita, pampu ya hewa naiacha, na chakula nasubiri maji yapande tena.

Nyota nne kati ya tano. Nimeipunguzia moja kwa waya na taa. Barafu haijawahi kufunga bwawa langu hita ikiwa imechomekwa. Kama bwawa lako lina futi 3 au zaidi, inunue Agosti au Septemba, kwa maana ikifika Novemba kila mtu ameikumbuka na rafu zimebaki na zile za wati 1,500. Kama lina inchi 18, pesa hiyo nunua tangi kubwa la plastiki, uwalaze samaki gereji mpaka Aprili, na kiangazi ulichimbe upya.