Green Man+ ya Singapore: Sekunde za Ziada kwa Mzee Anayevuka Barabara

Miji mingi inayojigamba kuwajali wazee huishia kwenye mabango na hotuba. Green Man+, huduma iliyoanzishwa mwaka 2009 na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Singapore, ni tofauti, kwa sababu inampa mzee kitu kinachopimika kwa saa, yaani muda wa kuvuka barabara.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kwenye nguzo ya taa za kivuko, juu ya kitufe cha kawaida, kumefungwa kifaa cha kusomea kadi. Mzee hugusisha hapo kadi yake ya nauli nafuu, ile ile anayopandia basi na treni, na taa ya kijani ya waenda kwa miguu huongezewa sekunde 3 hadi 13, kulingana na ukubwa wa kivuko. Hakuna haja ya kupakua programu kwenye simu, na kwa maoni yangu hapo ndipo waliobuni huduma hii walipopatia hasa. Watu wenye ulemavu walio na kadi yao maalumu hunufaika vilevile.

Je, sekunde hizo zinatosha? Kwa miaka mingi wahandisi wa nchi mbalimbali wamepanga muda wa vivuko kwa kukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wengi wenye umri wa miaka 65 na zaidi hawaufikii mwendo huo, na kwamba wastani wa wanawake wa umri huo ulikuwa takriban mita 0.8. Tuseme barabara ina upana wa mita 15: anayekwenda kwa kipimo cha wahandisi ataimaliza kwa sekunde 12 na nusu, ilhali bibi wa mwendo huo wa wastani atahitaji karibu sekunde 19, na tofauti hiyo ya sekunde 6 ndiyo inayomkuta katikati ya lami huku taa ikimetameta na madereva wakijiandaa kuondoka. Kwa hesabu hiyo hiyo, sekunde 13 zingeziba pengo hata kwenye barabara ya mita 31, kwa hiyo nyongeza hii si ya kubahatisha. Hata hivyo, wastani ni wastani tu, na anayesukuma kigari cha kutembelea, au anayelazimika kusimama kidogo apumue, bado anaweza kuachwa na taa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kadi ni lazima itolewe kila mara. Mwenye mkongojo mkono mmoja, na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, hafungui pochi kwa urahisi akiwa amesimama ukingoni mwa barabara. Tena mgeni asiye na kadi, mjamzito na aliyevunjika mguu hawapati kitu. Vivuko vya Puffin vya Uingereza vimelitatua jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa vihisi vyake hutambua kama bado kuna mtu anayevuka na kurefusha muda vyenyewe. Najua hoja ya foleni za magari, na kwenye barabara kuu ina uzito wake. Kwenye mitaa ya makazi siioni.

Kwa haki, Singapore haikuiacha huduma hii peke yake. Tangu mwaka 2014 imekuwa ikitenga maeneo yaitwayo Silver Zone, ambako mwendo wa magari hupunguzwa na kivuko hugawanywa mara mbili kwa kisiwa cha katikati, na baadhi ya madaraja ya waenda kwa miguu yamewekewa lifti. Mzee anayevuka nusu barabara, akapumzika kisiwani, kisha akamalizia, hahitaji sana kadi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano itapatikana siku vihisi vitakapofungwa kando ya visoma kadi, kuanzia vivuko vya karibu na hospitali.