Tukuyu mpaka Matema: uzoefu wangu, na kwa nini muanze juu ndo mshuke

Wengi wetu wa Dar tukisikia likizo tunawaza Zanzibar au Arusha basi. Safari hii nikamwambia mdogo wangu twende zetu Rungwe, tuzunguke Tukuyu halafu tukamalizie Ziwa Nyasa. Nawapa maksi mapema kabisa: mandhari nyota tano, huduma nyota tatu na hapo nimekuwa mpole.

Kufika sio shida, unaenda Mbeya kwa basi, treni ya TAZARA au ndege ya Songwe, ukifika unapanda kosta za Tukuyu pale Nane Nane, lami mwanzo mwisho. Ukishapita Uyole unaanza kupandisha, kijani tu kila upande, migomba, mashamba ya chai, viazi, parachichi zinauzwa barabarani kwa bei ambayo mtu wa Dar unaona kama wanakutania. Ila bebeni sweta jamani. Mwezi wa sita na wa saba Tukuyu usiku ni baridi kweli kweli, na mvua kule haina adabu, hata kiangazi inaweza kukudondokea.

Ziwa Ngosi ndo lilinimaliza. Ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, unapanda kwa miguu ndani ya msitu, mwanzoni njia inakudanganya imetulia, halafu inasimama wima, matope, mizizi, mianzi, mdogo wangu kila saa "dada tupumzike". Tulipofika juu hakuna kitu, ukungu mtupu! Kijana aliyekuwa anatupeleka akasema subirini, tukakaa tunatafuna karanga, mara ukungu ukafunguka wenyewe na ziwa likatokea kule chini kabisa, la kijani, kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Huyo kijana alikuwa na hadithi kibao za ziwa kubadilika rangi na mambo ya wazee wa zamani, nusu nimeziamini. Chukueni mtu wa kuwapeleka, msijifanye wajuaji, na buti ni lazima.

Daraja la Mungu pale Mto Kiwira ni zuri, jiwe la volkano limejijenga lenyewe juu ya mto, ila ni sehemu ya kupiga picha na kuondoka. Kijungu, hapo hapo jirani, mimi nimeipenda zaidi, mto mzima unaingia kwenye shimo kama chungu na unaunguruma balaa, msisogee ukingoni. Mlima Rungwe tuliuangalia kwa chini tu. Una karibu mita 2,960 na ndo kwenye msitu wake watafiti "walimgundua" yule nyani kipunji mwaka 2003, wakati wenyeji walishakuwa na jina lake siku zote, haya bwana.

Sasa lodji. Tuliyofikia Tukuyu siitaji jina, kwenye simu waliniambia maji ya moto yapo, kufika maji ya moto ni ndoo, na ndoo yenyewe uombe usiku ili uipate asubuhi. Chakula ukiagiza nenda kalale kwanza. Ila kikija, ndizi za nazi na maharage, kinyongo kinaisha. Na watu wake wana heshima sana, salamu ndefu, usipite mbele ya mzee kimya kimya kama upo Kariakoo.

Halafu mnashuka Kyela, sweta mnavua njiani, joto, mpunga na kakao, mnakata kwenda Matema. Hapa ndo nasisitiza anzeni juu, maana ukianzia ufukweni hutopandisha tena mlimani, nakuapia. Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, mchanga safi, miguu inauma kwa Ngosi halafu unajitupa ziwani. Ulizeni wenyeji pa kuogelea, mito inapoingia ziwani wanasema kuna mamba, na mkirudi pimeni kichocho. Vyandarua msikubali chumba bila. Netiweki inakuja na kuondoka, tembeeni na keshi maana mambo ya kadi sahauni.

Vyungu vya Wakisi, kabila la huko ziwani, vinafinyangwa na akina mama wa kijiji cha Ikombe, vinaletwa kwa mitumbwi na kuuzwa pale pale karibu na Matema. Nilinunua vitatu kwa bei ya kimoja cha mjini, konda akanidai nauli ya vyungu, tukabishana mpaka abiria wakaingilia, nikalipa nusu.

Mkiwa na wazee au watoto wadogo Ngosi achaneni nayo, nendeni ziwa la Kisiba kule Masoko, gari linafika mpaka jirani na maji, kuna boma la Mjerumani, na vijana watawauzia sarafu za zamani wakisema zimetoka ziwani. Bei ya kwanza msikubali.