Breki za baiskeli kwa mteremko na matope ya Magharibi mwa Kenya: ipi ununue

Ukiteremka Riat kuingia Kisumu na gunia la mahindi kwenye keria, kinachokushikilia ni vipande vya raba visivyozidi urefu wa kidole. Raba hizo zikiisha haraka, kosa mara nyingi liko kwenye rimu. Kwa hiyo nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinata, rimu ni ya chuma kilichopakwa kromu, na mvua ikinyesha raba mpya kabisa itateleza juu yake. Isiponata, karibu hakika ni alumini. Chukua hiyo.

Nafasi ya kwanza: V-breki kwenye rimu ya alumini

V-breki ni vyuma viwili virefu vinavyovutwa na waya na kubana raba pande zote mbili za rimu. Kwa anayebeba mzigo kila siku, hii ndiyo tunayoiweka juu. Ina nguvu, fundi wengi wanaijua, na raba zake (nyingi zina urefu wa milimita 70 hivi) zinapatikana kirahisi.

Adui wake ni mchanga. Baada ya wiki ya matope, chomoa gurudumu uitazame raba juani. Utaona vichembe vinavyometameta kama magamba ya omena: ni alumini ya rimu yako, imeng'olewa na mchanga na kukwama ndani ya raba, na sasa inaikwangua rimu yenyewe. Vitoe kwa pini kimoja kimoja, kisha usugue raba kwa msasa. Mifereji ya raba ikishafutika, badilisha. Pitisha kidole pia ubavuni mwa rimu. Ukihisi pameliwa na kubonyea, usisubiri, kwa sababu upepo wa tyubu unaweza kuipasua rimu ukiwa njiani.

Waya ndio unaowaponza wengi. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6, ule wa gia ni 1.2 au chini ya hapo. Kava, yaani ganda ambamo waya hupita, nalo ni tofauti: la breki ndani ni chuma kilichozungushwa kama springi, la gia lina nyuzi zilizonyooka. Ukifungiwa la gia kwenye breki, linaweza kupasuka siku utakayobana kwa nguvu zote, yaani siku unayolihitaji. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa. Lipia waya usioshika kutu. Tofauti ya bei utaisahau mvua za Aprili zikianza.

Mkono wa breki, ule unaobana kwa vidole kwenye usukani, uwe wa V-breki. Huvuta waya mrefu zaidi. Ule wa zamani utagusa usukani kabla gurudumu halijashikwa sawasawa.

Ya pili: diski ya waya, ya kampuni inayojulikana

Hapa pedi hubana diski ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, si rimu. Hufanya vizuri kwenye matope ya Kakamega kwa kuwa diski iko mbali na ardhi na rimu hailiki. Lakini pedi zina maumbo mengi, hivyo beba ya zamani unapokwenda kununua. Pedi za chuma hudumu kwenye matope kuliko zile laini, ila soma diski kwanza, nyingine zimeandikwa zitumie pedi laini pekee. Diski za Shimano hubadilishwa zikifika milimita 1.5. Na oili ya cheni isidondokee hapo kamwe: pedi ikishainywa, breki hupiga kelele na haishiki. Kama mtaani kwenu hakuna anayeuza pedi hizo, rudi kwenye V-breki.

Ya tatu: breki za vyuma za Black Mamba

Ni za baiskeli zile nzito za kizamani, na huvutwa kwa fito za chuma. Hazina waya wa kukatika, na kwa tambarare za Ahero zinatosha. Mteremko wa Maragoli kwenye mvua, hapana.

Ya mwisho: diski isiyo na jina

Hupamba baiskeli mpya za bei ya chini na kuwavuta wazazi wanaowanunulia watoto. Zungusha gurudumu palepale dukani. Diski ikiyumba huku na huku, au mkono unaovutwa na waya ukicheza, iache. Itapinda, itashika kutu, na hutapata pedi.

Ukishanunua V-breki, simamia ufungaji. Raba iguse rimu tu, isifikie tairi, na ncha yake ya mbele itangulie kugusa kwa takriban milimita 1 ili isilie. Ukibana kabisa, vidole viwili vipite kati ya mkono wa breki na usukani. Wiki moja baadaye kava litakuwa limejikalisha na waya umelegea: kaza tena.