Viroba vya salfeti kwenye ukuta wa kuzuia risasi: uzoefu wangu, Dodoma

Nazungumzia viroba vya salfeti vilivyokwishatumika, vile vya kilo 50, nilivyovijengea ukuta wa kuzuia risasi nyuma ya shabaha. Kwa bei yake sijaona kinachovishinda, ila jua la Dodoma linavimaliza usipovifunika.

Udongo upo bure, kwa nini viroba? Mchanga mkavu ukimwagwa hulala kwenye mteremko wa nyuzi 34 hivi. Hapo risasi inaparaza na kuruka juu. Viroba vinakupa uso uliosimama. Vilima vyetu navyo visikudanganye: vingi ni miamba mitupu, risasi inadunda. Matairi matupu ndiyo kabisa, mpira unaweza kukurudishia risasi ya .22, ile ya bunduki ndogo.

Ukuta wa upana wa mita 3, kimo mita 2 na unene mita 1.2 unakula viroba kama 200 na mchanga mita za ujazo 7 na kitu. Hela kubwa inaishia kwenye mchanga na usafiri. Mchanga wa korongoni uchekeche kwanza, kokoto ndizo zinazogeuza risasi. Jaza kiroba nusu tu, kikilala kiwe na unene wa sentimita 15 hivi. Ukikijaza mpaka shingoni kinakuwa duara, na kati yake na jirani yake linabaki tundu. Shona mdomo kwa shazia, panga kama tofali, viungo visifuatane, ukuta uegemee nyuma kidogo. Vile vya sukari vyenye nailoni ndani viache, vinateleza.

Nyuma yake shindilia tuta la udongo linalozidi kimo cha ukuta kwa mita 1 au zaidi. Ukuta peke yake hautoshi: hata .22 ikipita juu inaweza kufika zaidi ya kilomita 1. Kabla ya yote, nenda polisi na leseni yako ukaulize kuhusu eneo.

Salfeti ikipigwa na jua inakauka, ukiigusa inatoka unga. Turubai linapasuliwa na upepo wa kiangazi. Kinachofaa ni kukandika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi, kama nyumba ya tembe, na kurudia kila mvua zikiisha, Aprili au Mei.

Udhaifu mwingine uko katikati. Ukilenga sehemu ileile, viroba vinatoboka, mchanga unachuruzika, ukuta unabonyea, na risasi mpya zinagonga za zamani. Hamisha shabaha kushoto na kulia, kibao kiwe cha mabanzi, si nondo. Viroba vilivyolegea vitoe, chekecha mchanga wake ukiwa umeuloweka kidogo vumbi lenye sumu ya risasi lisipande, kisha nawa kwa sabuni. Risasi utakazookota ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, watoto wasizichukue kwenda kuyeyusha.