Dramu zangu za miaka ya 1960 zenye jina lisilojulikana: uzoefu wangu wa miezi kumi na moja

Miezi kumi na moja nimekaa na seti hii, sasa naweza kuizungumzia bila ushabiki. Ni ya vipande vinne: besi (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) ya inchi 20, tomu (ngoma ya kati inayokaa juu ya besi) ya 12, tomu ya sakafuni, yenye miguu yake, ya 16, na sneya (ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini) ya chuma ya 14. Rangi ni buluu ya kumeremeta, ile plastiki inayofunika dramu kwa nje, yenye chembechembe kama mchanga wa fedha. Kwenye beji kuna jina la Kizungu na taji juu yake. Jina lenyewe silitaji, na kwa seti za aina hii hata nikilitaja halikusaidii kitu.

Muuzaji alikuwa mzee mcheshi aliyekuwa anahama nyumba. Aliniambia, "Hizi za Mmarekani, kijana wangu, za miaka ya sitini. Hupati tena." La miaka alipatia. La Marekani alikosea, lakini sidhani alitaka kunidanganya. Aliisoma beji kama nilivyoisoma mimi, na beji ndiyo inayodanganya.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walipiga kwenye televisheni ya Marekani, mpiga dramu wao Ringo Starr akiwa nyuma ya dramu za Ludwig, na ghafla kila kijana akataka dramu. Wengi hawakuwa na uwezo wa kununua majina makubwa ya Kimarekani: Ludwig, Slingerland, Gretsch au Rogers. Wafanyabiashara wakaagiza Japani na kubandika majina waliyoyataka wao. Pearl, kampuni iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1946 ikitengeneza stendi za kuwekea karatasi za muziki, ilikuwa tayari imejenga kiwanda Chiba mwaka 1961 kwa ajili ya dramu za bei nafuu, na zikatoka na majina ya wasambazaji zaidi ya thelathini: Apollo, Crest, Lyra, Majestic, Stewart, Whitehall, Maxwin na mengine mengi. Hoshino, kampuni nyingine ya Japani, nao walikuwa na jina la Star kabla hawajaleta jina la Tama mwaka 1974. Kwa hiyo seti mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na mbili zenye jina moja zinaweza kuwa zimetoka viwanda viwili. Beji inakuonyesha nani aliuza tu.

Mimi nilijua nimenunua ya Kijapani usiku ule ule, nilipoitoa ngozi ya besi. Ndani mzinga, yaani mwili wa dramu, ulikuwa wa plaiwudi ya luani, mti mwekundu-kahawia wenye vinyweleo vilivyo wazi kama ngozi ya mkono ukiutazama karibu. Juu na chini pete ya mbao ya kuimarisha. Kwenye maungio ya mbao hakukuwa na ustadi wowote: ncha mbili zimekutana uso kwa uso, na pini za stepla zinaonekana. Ludwig ya wakati ule ingekuwa na mbao tofauti, na kuanzia mwisho wa 1963 beji yake ingekuwa na namba. Hizi hazina namba ya kukusaidia, wala tarehe. Unakisia umri kwa vyuma, kwa rangi na kwa mbao, na unakubali kukosea miaka mitano huku au kule.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifunza kuzipima bei.

Tomu ya sakafuni si ya seti hii. Ukiwa mbali hutambui: buluu ni ile ile, beji ni ile ile. Niliijua wiki ya pili nilipofungua vishikio vya miguu ili nifute kutu. Chini ya kishikio plastiki ilikuwa na rangi yake ya kuzaliwa, buluu nzito ya wino. Nikaenda kwenye tomu ndogo, nikafungua kishikio chake: chini yake buluu nyepesi, ya maji. Zilianza tofauti, zikakutana katikati. Safu ya juu ya plastiki hizi inapozeeka hugeuka manjano, nyeupe inakuwa ya krimu na buluu inaelekea kijani, hivyo umri unaweza kuzifananisha rangi ambazo dukani zisingekaa pamoja. Halafu nikachungulia ndani kwa tochi: mzinga umepakwa rangi ya kijivu, ilhali wenzake ni mbao tupu. Na kulikuwa na matundu matatu yaliyozibwa, mtu alishawahi kufunga kitu kingine hapo. Beji ilihamishwa tu, inashikiliwa na kipete cha tundu la hewa ambacho kinatoka kwa dakika tano.

Nilikuwa nimelipa kama theluthi ya bei ya seti mpya ya mwanafunzi, na nilijiona mjanja. Seti iliyokusanywa vipande bei yake ni ya vipande. Sikupigwa sana, lakini nilipigwa. Kufungua kishikio kimoja mbele ya mzee kungenichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kusikiliza hadithi zake za bendi.

Siku hizi nikiitwa kumsaidia mtu kukagua, naanza na kuhesabu skrubu za kukazia ngozi. Yangu inatakiwa kuwa nazo 56: besi 16, kila tomu 12, sneya 16. Nne hazikuwepo. Inaonekana ni kitu kidogo, mpaka uzitafute. Niliagiza za kisasa, zikaingia mizunguko miwili na kukwama, meno hayakulingana na ya zamani. Ukikosa moja, toa iliyo nzima uende nayo kama kielelezo, usiagize kwa urefu peke yake. Skrubu, vishikio vyake, miguu ya tomu ya sakafuni, miguu ya besi, kucha za kubania pete ya besi: kwa dramu zenye jina kubwa vipande hivi vinapatikana kwa bei ya kuumiza, kwa hizi zisizo na jina wakati mwingine havipatikani kabisa. Seti iliyokamilika yenye kutu ina thamani kuliko inayong'aa yenye mapengo.

Cha pili ni uduara. Toa ngozi, simamisha mzinga juu ya meza iliyonyooka kweli, weka taa ndani, zima taa za chumba. Mwanga unaopenya chini ya ukingo unakuonyesha pale ngozi isipokalia sawa. Besi yangu ilivuja sehemu moja karibu na maungio, upana wa kidole. Kisha pima kipenyo kwa utepe, mara moja hivi, mara moja kwa kuvuka. Tofauti ya milimita mbili tatu ngozi inaisamehe. Ikizidi hapo utakaza upande mmoja na kulegeza mwingine hadi uchoke. Mzinga uliopinda sana mimi siununui hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuunyoosha ni kazi ya fundi na fundi hafanyi kwa upendo.

Vipimo navyo viangaliwe. Za Kijapani za aina yangu zilipokea ngozi za kawaida bila ubishi. Premier za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina vipimo vyao, ngozi ya kawaida inaweza kugoma kuingia, kwa hiyo jua hilo kabla hujatoa pesa.

Kuhusu kutu: kromu iliyofifia inarudi kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na maji kidogo. Kutu iliyokwisha kula vishimo hairudi. Pete za sneya yangu zina vishimo, nimeziacha hivyo.

Bei yenyewe siangalii inayotajwa na wauzaji. Mtu anaweza kuandika "adimu" na kuitaka pesa ya Ludwig, tangazo likakaa mwaka mzima. Natafuta zilizouzwa kweli, zenye vipimo vile vile na hali ile ile. Halafu napunguza: tundu lisilo la kiwandani, plastiki iliyobadilishwa, kipande cha kuazima, skrubu zilizokosekana. Neno "adimu" silipi hata shilingi. Adimu na inayotafutwa ni vitu viwili.

Sauti? Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Luani ni laini, mzinga ni mwembamba, kwa hiyo hakuna mlio mrefu. Niliwamba ngozi mpya za tabaka moja zilizopakwa weupe wa kukwaruza, nikaweka ukanda wa kitambaa nyuma ya ngozi ya besi. Inasema "ndu", inanyamaza. Tomu ya 12 ikikazwa katikati ina joto ambalo seti yangu ya awali, niliyoinunua mpya na kuiuza, haikuwa nalo. Kwenye chumba kidogo, na maikrofoni moja mbele, ni raha tupu. Kwenye bendi yenye magitaa mawili yaliyofunguliwa hadi mwisho inazama. Nilijaribu mara moja, nikatoka na mikono inauma.

Vyuma ndiyo aibu yake. Kishikilia tomu kinateremka taratibu wimbo ukiendelea, kwenye wimbo wa tatu tomu imeshalala juu ya besi. Miguu ya besi ni vijiti viwili vya kukunja, kila pigo la mguu linaisogeza mbele, nimeifungia kamba kwenye kigoda. Stendi za matoazi ni nyepesi, sikuzitumia hata wiki.

Kwa sauti naipa nne kwa tano. Kwa vyuma mbili, moja na nusu nikiwa nimetoka kuivuta besi. Kwa bei, nne, ingekuwa tano kama tomu ile ingekuwa ya kwao.

Mwezi uliopita alikuja mpigaji mmoja, akaigonga sneya mara tatu, akanipa ofa ya sneya peke yake iliyokaribia nusu ya nilicholipia seti nzima. Nimekataa kwanza. Tomu ya kijivu ipo, napigia, na bado natafuta ya inchi 16 yenye mbao tupu ndani na buluu ya maji chini ya kishikio.