Kondomu za ngono ya mdomo: ipi ununue hapa Malindi, na ipi uiache dukani

Mwaka jana mimi na mume wangu tulirudiana baada ya kukaa mbalimbali miaka 2. Muuguzi alituketisha akatwambia: mpaka vipimo vyote vikamilike, jikingeni, na mdomo nao mjikinge. Nikashuka mjini, nikaona haya kuuliza mengi mbele za watu, nikachukua pakiti aliyonisogezea muuzaji. Shilingi 350. Usiku tukaipasua kwa mkasi ikawa utando wa kutandaza, ili itufae sote wawili. Haukupita muda mume wangu akainuka, akawa anajigusa midomo kwa vidole. Ulimi umekufa ganzi. Alisukutua maji mara tatu, ganzi iko pale pale, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Niliogopa mno.

Asubuhi nikaisoma ile pakiti mlangoni, penye mwanga. Kwa herufi ndogo kabisa: benzokaini. Hiyo ni dawa ya ganzi, huwekwa upande wa ndani wa kondomu za kumchelewesha mwanamume. Sisi tulipoipasua, upande wa ndani ndio ulioelekea mdomoni.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani ni moja: imepakwa nini? Wengi huangalia saizi, wengine wembamba, wengine picha ya boksi. Shoga zangu watatu walionipa habari zao wote waliacha kujikinga kwa sababu ya ladha: uchungu, harufu ya mpira, mate yanayojaa mdomoni. Kinga usiyoivumilia utaitupa siku ya pili. Kwa hiyo soma pakiti. Ukiona benzokaini au lidokaini, ambayo nayo ni ya ganzi, irudishe. Ukiona nonoksinoli-9, irudishe pia: ni dawa ya kuua mbegu, ni chungu, inawasha ngozi laini, na Shirika la Afya Duniani halitaki kondomu zenye dawa hiyo ziendelee kuhimizwa.

Na wasikudanganye kwamba mdomo hauna hatari. Virusi vya Ukimwi huambukiza kwa nadra sana kwa njia hii, ni kweli. Lakini kisonono, kaswende, klamidia na malengelenge hupita, na kisonono cha kooni mara nyingi hakionyeshi dalili yoyote. Virusi vya HPV, vile vya saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo Kenya ilianza kuwachanjia wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, vinaweza pia kuleta saratani ya koo.

Sasa orodha yangu. Ya kwanza ni Kiss ya stroberi, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda. Harufu yake ni ya peremende, mpira hausikiki sana, na mume wangu hakukunja uso. Ila ukitoka mdomoni kwenda kwingine, vua uvae mpya. Vionjo vyenye sukari si vya kuingia ukeni, vinaweza kukuletea fangasi. Ya pili ni Durex za ladha ya matunda. Nzuri, nyembamba, lakini bei yake hapa mjini inaniuma. Ya tatu ni Trust ya kawaida, isiyo na vionjo, hasa kwa kupasua. Za bure za hospitalini zinakinga sawa. Ladha yake ndiyo sikuipenda.

Kwa mwanamke kinachotakiwa hasa ni utando mwembamba wa mpira, kama ule anaotandaza daktari wa meno mdomoni mwa mgonjwa. Nimeuliza maduka manne ya dawa kutoka Barabara ya Lamu hadi Majengo, hakuna hata mmoja, na wauzaji wawili walinitazama kama nimetukana. Basi tunajitengenezea. Kunjua kondomu yote, kata ncha, kata ile pete ya chini, kisha pasua ubavu mmoja kutoka juu hadi chini. Inafunguka kama karatasi. Tandaza, shika kingo kwa vidole, usiivute ikakaza, na usiigeuze upande wa pili katikati ya mambo. Ukishamaliza, tupa.

Jambo la kwetu pwani: mafuta ya nazi. Yamo kila nyumba, na mkono unayakimbilia wenyewe. Yaache. Mafuta yoyote, ya nazi, ya kupikia au Vaseline, hulegeza mpira ndani ya dakika chache na unapasuka bila kuona. Kama unataka utelezi, nunua kilainishi cha maji. Na usipige mswaki muda mfupi kabla. Fizi zikichubuka zinafungua njia.

Wauzaji nao nina neno nao. Boksi lile lile la Kiss nimeuziwa shilingi 80 Majengo na 150 upande wa Casuarina, na msimu wa wageni ukianza linapanda tena. Kwani ugonjwa unachagua mtalii? Baya zaidi, duka moja huzipanga dirishani, jua la saa saba likizipiga, kwa sababu boksi linang'aa na linavutia. Joto huukausha mpira. Nilimwambia kijana wa pale, akanijibu, "Mama, hazijaisha muda." Tarehe ni ya kondomu iliyohifadhiwa pakavu na penye ubaridi, si ya iliyochomwa jua la Malindi miezi mitatu.

Kwa hiyo mwambie akutolee ya ndani, kabatini. Angalia tarehe. Kisha ibonye pakiti kwa kidole gumba: usikie hewa inasukuma, kama mto mdogo. Ikilala bapa, imetoboka, mrudishie hapo hapo kabla hujalipa.